Meno na Maneno

Zahanati yetu ya Vidin ina korido moja,
benchi moja, milango miwili.
Wa kushoto ni wa daktari wa meno.
Wa kulia, Jumanne tu, treni ya Sofia ikiwahi,
ni wa daktari wa maneno.
Jumanne, pale benchini, kila shavu limeshikwa kiganjani.
Hujapata kuona mji wenye meno mabovu namna hii.

Mimi ni Zdravka. Miaka ishirini na sita nilikuwa tarishi,
najua kengele ipi imekufa, ngazi ipi imemomonyoka,
kwa hiyo walipotafuta mtu wa kubisha hodi na kuuliza
nani anaumwa mahali ambapo hapafungwi bendeji,
walinipa mfuko wa nailoni, kalamu mbili, fomu sitini,
na malipo kwa kila fomu iliyojaa.

Katika miezi kumi na miwili iliyopita,
ndivyo linavyoanza kila swali,
kama sala iliyotungwa na karani.

Bi Yordanka, jengo la kumi na nne, ghorofa ya tatu:
mitungi ya pilipili hoho za siki mpaka dirishani,
chakula cha watu sita, naye anaishi peke yake.
Usingizi? "Usingizi ni wa vijana."
Hofu? "Kila usiku naukagua mlango mara nne.
Hiyo ni hofu, mwanangu, au ni adabu?"
Fomu haina kisanduku cha adabu.

Radoslav, fundi wa kiwanda kilichofungwa,
alijibu hapana kwa maswali yote thelathini na moja.
Ila kwetu huku kichwa kina lugha yake:
kukitikisa kushoto na kulia ni kukubali.
Basi mdomo ukasema hapana, hapana, hapana,
na kichwa, taratibu, kikawa kinatikisika
kama cha farasi anayefukuza nzi mmoja tu, siku nzima.
Niliandika la mdomo. Ndivyo tulivyofunzwa.
Kisha akanizuia kwa chai ya saa mbili,
akiniuliza habari za barua ambazo sileti tena.

Swali la ishirini na nane: Ulitafuta msaada kwa nani?
Kwa padri.
Kwa rakiya ya shemeji.
Kwa bibi wa kule kijijini anayeyeyusha risasi,
akaimwaga kwenye bakuli la maji
akuonyeshe hofu yako ina sura gani:
ya mbwa, mara nyingi; safari moja, ya mkwe.
Kwa hakuna mtu. Kwa hakuna mtu. Kwa hakuna mtu.

Nilihesabu mezani kwangu, taa moja, miwani miwili.
Kati ya fomu sitini, kumi na saba zilibeba jambo.
Kati ya hao kumi na saba, watatu walifika benchini.
Mmoja aliingia mlango wa kulia.
Wawili waling'olewa meno.

Kijana wa ofisini, Kaloyan, alinipigia simu.
"Kumi na saba tu? Vidin mko salama."
Sikumwambia kuhusu vichwa.
Mficha maradhi, kifo humuumbua,
lakini kifo kiko mbali, korido iko karibu,
na koridoni humo anakaa jirani mwenye macho.

Jumanne iliyofuata ukungu wa Danubi ulikuwa umepanda
mpaka kwenye vioo vya zahanati.
Radoslav alikuwa benchini, kiganja shavuni.
Nikaketi. Sikuwa na mfuko, wala kalamu.
"Jino?" nikamuuliza.
"Jino," akasema,
na kidevu kikaruka juu mara moja,
jambo ambalo, kwetu, ni hapana.

Mlango wa kushoto ukafunguliwa. "Anayefuata!"
Tulikuwa wawili tu.
Hakuna aliyeinuka.